Maji Yalikuwa Yanajaa au Yanakupwa?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: anayetaka kuzunguka mwambao kwa kayaki asome kitabu gani kabla ya kushika kafi? Jibu langu ni kijitabu chembamba kisicho na hadithi hata moja, yaani jedwali la maji kujaa na kupwa linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Najua mlitarajia jina kubwa. Majina makubwa nitayataja, ila yasubiri foleni.

Kazi yangu ni kuwapitisha wageni na kayaki kwenye mikoko ya kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Wageni wa jahazi huja na muziki. Wageni wa kayaki huja na vitabu, wamevifunga kwenye mifuko isiyopitisha maji, na wengi wakiondoka huniachia. Ndivyo nilivyojikuta hapa Shela na rafu ya vitabu vya bahari ambavyo sikununua hata kimoja. Nimevisoma vyote, vingine mara mbili, na kila kimoja nakipima kwa swali moja: mwandishi anapokwenda pwani, ananiambia maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Asiponiambia, basi kitabu ni chake mwenyewe, si cha bahari.

Chukua Hannes Lindemann, daktari wa Kijerumani. Mwaka 1955 alivuka Atlantiki kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia. Mwaka uliofuata akavuka tena, safari hii kwa kayaki ya kukunjwa, na akakaa baharini siku 72. Masimulizi yake hayakuachi ulale. Kuna usiku chombo kinapinduka naye anang'ang'ania juu ya ubavu wake mpaka kunakucha. Lakini katikati ya Atlantiki, kupwa na kujaa kunamhusu nani? Pale adui ni usingizi na kukata tamaa, na hayo ndiyo aliyoyaandika, tena vizuri sana. Msomaji wake akija Lamu huja na kifua, na kifua hakimtoi mtu kwenye tope la mfereji wa Takwa, penye magofu ya mji wa kale kisiwani Manda.

Mwanasheria John MacGregor, ambaye kitabu chake cha 1866 kiliwatia Waingereza wazimu wa kupiga kafi, alipita mito na maziwa ya Ulaya. Huyo namruka.

Vitabu vya mafunzo ni habari nyingine. Vingi vimeandikwa na watu wa maji ya baridi, na si ajabu, maana kayaki yenyewe ni chombo cha watu wa Aktiki: fremu nyepesi iliyovishwa ngozi ya sili, inayopimwa kwa mwili wa mwenye nayo. Kwa hiyo kurasa nyingi zinahusu jinsi ya kutokufa kwa baridi ukianguka majini. Hapa kwetu utakufa kwa jua kwanza. Hawazungumzii chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko, ambao hukata kiganja kama wembe, wala samaki jiwe aliyejilaza pale unapotaka kushuka. Na hawakwambii kwamba ukiona miti imebadilika kuwa mililana, yenye vijiti vya mizizi vilivyochomoza topeni kwa wingi, ujue umefika ukingo wa mikoko unaotazama bahari, kwa hiyo umetoka au uko karibu kutoka.

Hata hivyo, ndani ya vitabu hivyo kuna ukurasa mmoja ambao ningeuchana na kuubandika ukutani. Ni ule wa kanuni ya mafungu 12. Unachukua tofauti ya maji yaliyokupwa na yaliyojaa, unaigawa mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti hiyo kwetu hufika kama mita 3, kwa hiyo katika zile saa mbili za katikati peke yake maji hupanda mita 1 na nusu. Hapo ndipo mkondo unapokuwa na nguvu kuliko mkono wako. Mgeni mwenye misuli akipiga kafi kushindana nao, mimi hukaa pembeni kwenye maji tuli ya mikoko nikamngoja arudi. Hurudi.

Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi la boriti, hakuwahi kuiona kanuni hiyo imeandikwa. Nilipokuwa kijana nikimuuliza, "Ami, kesho Takwa twaenda saa ngapi?" yeye hunirudishia swali: "Leo mwezi ngapi?" yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Nikimjibu mwezi kumi na nne, husema, "Basi alasiri," akaendelea kushona tanga lake. Hesabu yake ni hii. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, na kwetu bamvua hukupwa asubuhi saa 4 au 5 na kujaa jioni saa 10 au 11. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Ukifika mwezi saba au nane umeingia maji mafu, yanajaa asubuhi badala ya jioni, tena hayajai sana. Kwa maneno mengine, kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni kwa kila nyumba ya Lamu ni kitabu cha maji, na watu wanaitumia kuangalia Ramadhani tu.

Sasa kitabu ninachokiweka cha pili baada ya jedwali. Ni Periplus ya Bahari ya Erythraea, yaani mwongozo wa safari za baharini, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza na mfanyabiashara aliyezijua njia za kutoka Misri mpaka Afrika Mashariki na India. Tafsiri ya Kiingereza niliyonayo ni ya Schoff, ya 1912. Mwandishi hana mbwembwe. Anapita pwani yetu, anataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na katika kisiwa anachokiita Menuthias anaeleza wenyeji wanaotega kwa vikapu vya kusuka, wakivifunga kwenye midomo ya mifereji baina ya mawimbi. Mtu yeyote aliyewahi kuinua dema, mtego wetu wa samaki wa kusuka, atatabasamu akifika hapo. Lakini ukurasa wangu ni wa mbele, anapofika India, kwenye mto wa kuingilia bandari ya Barygaza. Anasema kule kupwa na kujaa ni kukubwa mno, kwamba maji huzidi mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hupungua siku za katikati. Tena anasema meli ngeni haziingii zenyewe. Wavuvi wa mfalme hutoka na mashua zao kuzipokea na kuziongoza. Karibu miaka 2,000 iliyopita, bamvua na rubani wa kienyeji katika kurasa mbili. Swali langu amelijibu kabla sijauliza.

Wa tatu ni Kapteni Owen wa Uingereza, aliyeipima pwani ya Afrika kwa meli za kivita miaka ya 1820 na kuchapisha masimulizi yake 1833. Watu wake walikufa kwa homa kwa wingi, na kitabu ni kizito, lakini mpimaji wa bahari hana ruhusa ya kusahau maji yalikuwa wapi; kazi yake haina maana asipojua. Msome kwa vipande.

Washairi wetu je? Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliufananisha ulimwengu na bahari yenye matumbawe. Ni mtu wa Pate, mji ambao vyombo huufikia maji yakijaa tu, la sivyo unashukia Mtangawanda na kwenda kwa nchi kavu. Naamini aliyajua matumbawe kwa vyombo kabla ya kuyajua kwa maana ya kiroho. Ila alikuwa akituonya juu ya dunia, hakuwa akitupeleka Siyu, kwa hiyo siwezi kumpa mgeni shairi hilo badala ya jedwali.

Anayeona nazidisha habari ya kupwa na kujaa aulize Vita vya Shela, takriban 1812. Watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walishuka kwenye ufuo wetu huu kuipiga Lamu, wakashindwa. Husimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, maji yamekwenda zake. Jeshi zima, na hakuna aliyeuliza mwezi ngapi.

Na si kukwama tu. Mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau unatazama kusini. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, maji yakikupwa yanatoka kwa kasi huku upepo unaingia, na vikikutana mawimbi husimama wima, mafupi, yaliyokaribiana. Saa chache baadaye maji yakigeuka na kufuatana na upepo, mlango huohuo unapitika. Kitabu cha shujaa kitakwambia alipambana vipi na mawimbi kama hayo. Jedwali lingemwambia anywe chai kwanza.

Tahadhari mbili kuhusu hilo jedwali. Saa zilizopigwa chapa za Kilindini, bandari ya Mombasa, ni za Kilindini, na ndani ya mikoko maji huchelewa zaidi kadiri mfereji unavyokwenda ndani na kuwa mwembamba. Andika kwa penseli pembeni kile unachokiona mwenyewe, mahali kwa mahali. Mkanda, ule mfereji kati ya Manda na bara, nimeuandikia mstari wake, na Takwa wake. Pili, usiniambie simu inazo saa zote. Inazo, mpaka pale itakapolowa.

Mkilichapa jibu hili mwezi ukiwa mpevu, basi kwa Takwa ingieni mferejini kuanzia saa 9 alasiri, muyaone magofu upesi, na saa 11 na nusu muwe mmeshatoka.

Msomaji wenu,
Shela, Lamu