Kitufe cha kufuta hakisikii

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza ukurasa wa oda za duka la kanga la shangazi, hapa Tanga. Natumia Cash, ile maktaba ndogo ya JavaScript (msimbo uliokwisha kuandikwa, wa kuendesha ukurasa) inayoandikwa kama jQuery, maktaba kubwa zaidi ya kazi hiyo hiyo. Kila mstari wa jedwali una kitufe cha kufuta. Mistari ya mwanzo inafutika, lakini ninayoongeza baadaye haifutiki hata nibonyeze mara kumi. Na fadeOut, ya kufifisha mstari polepole, inagoma kabisa. Nirudi jQuery?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usirudi. Kwenye jQuery nako ungekwama palepale.

Ulipoandika $('.futa').on('click', ...), maktaba ilikusanya vitufe ilivyovikuta saa ile, ikakipa kila kimoja kazi yake. Kilichoingia baadaye hakikupewa kitu. Jambo hili liliwahi kunikesha usiku mzima, nikikagua herufi za jina la klasi moja moja, na jina halikuwa na kosa lolote.

Kazi ya kusikiliza mpe mzazi. Jedwali (hapa lina id ya oda) lipo tangu mwanzo, na bonyezo hupanda kutoka kwa kitufe hadi kwa mzazi wake:

$('#oda').on('click', '.futa', function () {
  $(this).closest('tr').remove();
});

Sasa jedwali ndilo linalosikia, nalo huangalia kama bonyezo limetoka kwenye kitu chenye klasi ya futa, kiwe cha jana au cha sasa hivi. Neno function liache hivyo hivyo. Ukiweka mshale (=>), this haitakuwa kitufe tena.

fadeOut haimo kwenye Cash, wala ajax, ile ya kutuma data bila kupakia ukurasa upya. Ndiyo maana Cash ikibanwa ina kilobaiti 6 hivi, na jQuery nzima karibu 30. Mstari wa jedwali upe klasi yenye opacity 0 (usionekane) na transition (ufifie polepole) kwenye CSS, kisha uufute mstari huo transition ikiisha. Oda zitume kwa fetch ya kivinjari chenyewe. John Resig alipotoa jQuery mwaka 2006, vivinjari vya Internet Explorer na Firefox vilipishana mno, na maktaba ile ilituokoa wengi. Leo kazi yako haihitaji uzito huo.

Ila kama unayemwonea huruma ni mteja na bando lake, anza na picha. Picha moja ya kanga iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa inazishinda maktaba zote mbili kwa mbali. Zipunguze upana kabla hujazipandisha.