Jibu: Kwa nini "abdalla" anakuja nyuma ya "Zuhura"?

Ndugu, Python yako, hiyo lugha ya kuandikia programu, ni nzima. Umeiambia ipange majina ya wauzaji wa soko la Kongowea, Mombasa, ikakurudishia Salma, Zuhura, abdalla, mwanaidi, sasa unauliza kama kompyuta haijui alfabeti. Haijui kweli. Inachokijua ni nambari. Andika ord("Z") upate 90, kisha ord("a") upate 97. Herufi kubwa zote zina nambari ndogo kuliko herufi ndogo. Ndivyo zilivyo kwenye ASCII, jedwali la zamani la nambari za herufi za Kiingereza, na Yunikodi, jedwali la herufi za lugha zote, ikalirithi vivyo hivyo.

Watakaokujibu wengi watasema weka sorted(majina, key=str.casefold), inayolinganisha kana kwamba herufi zote ni ndogo, yaishe. Hilo la abdalla litaisha, sikatai. Lakini kwa maneno yetu huku Pwani, kazi yenyewe haijaanza.

Mimi huwatengenezea wenye maduka hapa Marikiti programu ndogo za kuweka madeni. Duka moja lilitaka ripoti ya wateja kwa mahali wanapotoka. Orodha ikatoka hivi: Ng'ombeni, Ngerenya, Ngomeni, Nguuni, halafu Ng’ombeni tena! Mwenye duka akaniuliza, "Kwani kuna Ng'ombeni ngapi huko Likoni mbele?" Tazama vizuri ritifaa zake, ile alama inayofuata Ng. Ya kwanza iliandikwa kwa kompyuta ya dukani, imesimama wima, nambari yake 39. Ya pili iliingizwa kwa simu, na kibodi ya simu ikaweka ile iliyopinda, 8217. Hiyo 39 iko chini ya herufi zote, ndiyo maana ikaruka mbele; 8217 imeipita z kwa mbali, ikatupwa mkiani. Ukiyalinganisha majina hayo mawili kwa ==, inayouliza kama maandishi yanafanana, unajibiwa False, yaani hapana, na madeni ya mahali pamoja yanagawanyika mafungu mawili.

Kwa hiyo safisha wakati wa kuhifadhi, usingoje wakati wa kupanga (\u2019 ni ile ile 8217, imeandikwa kwa heksadesimali):

s = s.strip().replace("\u2019", "'")

Ukishafanya hivyo, kupanga kwenyewe mimi natumia hii:

def ufunguo(s):
    s = s.casefold()
    return (s.replace("'", ""), s)

sorted(mahali, key=ufunguo)

Sehemu ya kwanza inapanga kana kwamba ritifaa haipo, basi Ng'ombeni inakaa kati ya Ngerenya na Ngomeni, pale ambapo mtu angeitafuta. Sehemu ya pili inaamua pale tu ambapo mawili yamelingana, maana ngoa na ng'oa haziwezi kuhesabiwa neno moja. Kuna wanaoona ng' ni herufi kamili, istahili fungu lake baada ya maneno yote ya ng. Sina ugomvi nao, ila hiyo kanuni utaiandika wewe mwenyewe. Python haiwezi kuibuni.

Nambari za vibanda usiziache kama maandishi. "10" itatangulia "9", kwa kuwa herufi ya kwanza tu ndiyo iliyoamua: 1 ni 49, 9 ni 57, basi. Zigeuze ziwe nambari halisi kwa int() kwanza.

Na kama kuna siku utapanga Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa Mji wa Kale walivyokuwa wakiandika, jihadhari na پ, yaani p. Mahali pake ni karibu na ب (b), lakini Yunikodi imeipa 1662, na ي (y) ambayo ndiyo ya mwisho kwa Waarabu ni 1610. Ukiachia nambari ziamue, maneno yote ya p yataangukia nyuma ya y. casefold haitakusaidia hapo. Andika mfuatano wa herufi unaoutaka kwenye mstari mmoja, kisha upange kwa nafasi ya kila herufi ndani ya mstari huo.

Halafu kwenye programu uliyotuonyesha kuna mstari wa if jina is "Salma"; ondoa is uweke ==. is inauliza kama ni kitu kile kile kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haiulizi kama maandishi yanafanana. Leo itakujibu sawa, kesho jina likisomwa kutoka kwenye faili itakukana.