Futa hilo jedwali la "koneksheni" kabla halijakuumbua

Mkuu, usitume. Kama hujabonyeza bado, iache hiyo kompyuta usome hapa kwanza.

Umeuliza mambo manne: utazoeana vipi na watu wa kazi mpya, utamrudiaje bosi wako wa zamani baada ya kimya kirefu, uishi vipi na rafiki anayekutafuta siku ya kukopa tu, na mwishoni, kama mtu anayepita njia, ukagusia jedwali lako la watu lenye madaraja A, B na C, pamoja na programu ya kuwatumia wote meseji kwa mpigo. Hayo matatu ya kwanza yana wenyewe humu, watakujibu. Mimi nimekurupushwa na hilo la nne, kwa sababu nilikuwa nalo. Langu lilikuwa hadi na rangi.

Aliyenitia ujinga huo ni kocha mmoja wa mafanikio, semina ya siku nzima, tai nyekundu, sauti kama anatangaza mpira. "Watu ni mtaji," akasema, na sisi tukaandika. A ni wanaoweza kukusogeza sasa hivi. B huenda wakafaa mbele ya safari. C wape salamu za sikukuu, basi, usipoteze muda. Kila baada ya miezi kadhaa upitie orodha, upandishe na ushushe. Nilipiga makofi. Niliuliza hadi swali, tena la kimbelembele.

Sasa sikia kilichonikuta. Kulikuwa na mzee mmoja aliyenifundisha kazi. Nilipoanza nilikuwa siwezi kuandika ripoti ikaeleweka. Yeye ndiye aliyekuwa anabaki jioni, anakata mistari yangu kwa kalamu, na kesho yake mbele ya wakubwa anakaa kimya kama vile ripoti niliiandika mwenyewe. Nilimweka A, bila shaka. Baadaye akaacha kazi. Programu yangu ikaona wasifu wake mtandaoni umebadilika, ikamrushia ile meseji niliyokuwa nimeitunga kwa ajili ya wote wanaobadilisha kazi: "Hongera kwa hatua hii mpya! Nakutakia mafanikio tele." Mimi nilipopitia orodha nikaona hana cheo tena, nikamshusha C. Hapo programu haihusiki, ni mkono wangu huu huu.

Mzee alikuwa ameacha kazi ili amuuguze mke wake.

Yule mama akafariki. Sikujua, kwa sababu watu wa C hawapigiwi simu. Ila salamu za sikukuu zilimfikia kwa wakati, programu ilikuwa na nidhamu kuliko mimi: "Nakutakia wewe na mwenza wako heri na furaha." Mazishi yalikuwa yameshapita. Cheka tu mkuu, na mimi huwa nacheka, ndiyo namna pekee ya kulisimulia hili bila kujificha chini ya meza.

Halafu nikapata tangazo la kazi nzuri, wanataka wadhamini wanaonifahamu kikazi. Nani ananifahamu kikazi kuliko mzee? Usiku ule ule nikampandisha kutoka C hadi A (ndiyo, nilibadilisha na rangi), nikaandika: "Shikamoo Mzee, za siku nyingi? Natumaini wewe na mama hamjambo." Nikaweka na ombi langu chini yake. Jibu likaja asubuhi: "Marahaba. Mama alishatangulia mbele za haki. Nakutakia mafanikio tele."

Maneno yangu yale yale. Kama alinipiga kijembe au ilitokea tu, sijui hadi leo, na sikuwa na uso wa kumuuliza.

Na hapa ndipo pabaya zaidi: kazi niliipata, kwa kudhaminiwa na mtu mwingine wa A. Jedwali lilifanya kazi! Ndiyo maana nakwambia usidanganywe na wanaokwambia kwao limeleta matunda. Safu ya walioingia unaiona. Safu ya waliokutoa moyoni haimo.

Yule kocha alipenda pia kujificha nyuma ya utafiti. "Sayansi imethibitisha, watu usiowazoea ndio wanaoleta kazi, kwa hiyo kusanya wengi." Nilikuja kusoma mwenyewe. Ni kweli Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kwamba waliopata kazi kupitia watu, wengi wao waliambiwa na mtu wanayekutana naye mara moja moja tu, si rafiki wa karibu. Lakini sababu yake ni habari: mtu wa mbali anasikia yasiyosikika kwenye kundi lenu. Kukuletea habari ya kazi ni jambo moja, kusimama na kusema "huyu namjua, mchukueni" ni jingine kabisa. Kocha alichukua nusu iliyouza tiketi.

Halafu kuna hesabu asiyokupigia. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba kutoka kufahamiana hadi kuwa marafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, na urafiki wa karibu hupita saa 200. Saa 200 ni siku 25 za saa nane nane, kwa mtu mmoja! Wewe umeandika una majina 400. Utazitoa wapi, kwenye usingizi?

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na sitaki kuijadili: kabla hujatuma, funika jina la mpokeaji kwa kidole. Kama meseji hiyo hiyo inaweza kwenda kwa mwingine bila kubadili neno, ifute. Hata ya pole. Hata ya siku ya kuzaliwa. Ukishindwa kuandika kitu kinachomhusu yeye peke yake, maana yake humjui anaendeleaje, basi piga simu uulize. Watu wa kazini kwako mpya pia, kidole hicho hicho.

Bosi wako wa zamani unaona aibu kumtafuta. Utafiti uliochapishwa 2022, aliouongoza Peggy Liu, ulionyesha kwamba anayetafutwa ghafla hufurahi kuliko anayemtafuta anavyodhani. Mtafute basi. Ila usiambatanishe ombi, na kabla ya kuandika "natumaini familia haijambo" uliza kwa mtu anayemjua kama kweli haijambo. Ombi la udhamini libaki mfukoni. Likikuzidi, mweleze tangu sentensi ya kwanza kwamba unamtafuta kwa shida. Usimzungushe kwa salamu.

Rafiki wa kukopa... hilo sijui, mkopeshe au mnyime.

Na hiyo programu, kama bado uko kwenye muda wa majaribio, jitoe leo. Yangu iliendelea kunikata hela muda mrefu baada ya mimi kuacha kuifungua, na kwenye siku yangu ya kuzaliwa ilinitumia heri njema.