Majibu kwa waliouliza juu ya Nargis

Toleo lililopita nilimtaja Nargis kwa sentensi moja tu, katika orodha ya mastaa wa picha za Kihindi za enzi za wazee wetu. Ujumbe uliokuja baada ya hapo umezidi nafasi niliyonayo. Nimechukua yaliyoulizwa na wengi, mengine nimeyaunganisha.

Shikamoo. Bibi anasema Nargis si jina lake la kuzaliwa, na kwamba mama yake alikuwa mwanamke wa kuchezea wanaume ngoma. Ni kweli? (Mjukuu wa Ng'ambo, Unguja)

Marahaba. Kwenye jina bibi amepatia. Alizaliwa Calcutta tarehe 1 Juni 1929 akaitwa Fatima Rashid. Baba yake alikuwa Mhindu wa tabaka la Brahmin aliyesilimu na kuitwa Abdul Rashid.

Kuhusu mama, mwambie bibi alegeze kidogo. Jaddanbai alikuwa tawaif, mwanamke aliyefundishwa kuimba na kucheza kwa miaka mingi, ambaye matajiri na watawala walimlipa aje awaburudishe. Watu waliupenda muziki wa wanawake hawa na kuwadharau wenyewe, tabia ambayo hata huku pwani waimbaji wa kike wa taarab wanaijua vizuri. Jaddanbai hakukaa kusubiri heshima ya mtu. Alihamia kwenye filamu, akafungua kampuni yake Bombay katika miaka ya 1930, akatunga muziki na kuongoza picha mwenyewe, wakati wanawake wa kufanya hivyo India walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1935 akampeleka binti yake mbele ya kamera katika Talashe Haq, kwa jina la Baby Nargis. Alipofika miaka 14, mwongozaji Mehboob Khan akampa nafasi kubwa katika Taqdeer (1943). Kwa hiyo huyu hakuokotwa barabarani na prodyuza. Alikulia kazini, na bosi wa kwanza alikuwa mama yake.

Raj Kapoor alimuoa au hakumuoa? Nyumbani tumebishana mpaka chai ikapoa.

Hakumuoa. Raj Kapoor, mwigizaji na mwenye studio, alikuwa na mke, Krishna, tangu 1946, na hakumwacha. Mapenzi yake na Nargis yalijulikana Bombay nzima, na walicheza pamoja picha zipatazo 16, kuanzia Aag ya 1948. Ukiiona nembo ya studio yake, mwanamume ameshika fidla mkono mmoja na mwanamke amemlalia mkono wa pili, hilo ni pozi la Barsaat (1949), na mwanamke huyo ni Nargis. Yeye aliondoka studio, nembo ikabaki.

Aliondoka 1956 baada ya Chori Chori. Mwaka huohuo anatokea kwa dakika chache mwishoni mwa Jagte Raho. Raj Kapoor ni mtu wa shamba aliyeingia jengo la mjini usiku akitafuta maji ya kunywa, akaishia kukimbizwa kama mwizi hadi alfajiri, na Nargis ndiye anayemmiminia maji. Baada ya hapo hawakucheza tena pamoja.

Marehemu baba aliiona Awara Unguja na hakuacha kuisifu mpaka anakufa. Mimi nimeitazama, nikaona Nargis pambo tu, kazi yote ni ya stelingi. Nielimishe. (Mswahili wa Muscat)

Ndugu yangu, zirudie zile dakika kumi za kwanza. Awara (1951) inaanzia mahakamani. Kijana Raj, ambaye ni Raj Kapoor, ameshitakiwa kwa kumshambulia Jaji Raghunath, na hakuna wakili anayetaka kumtetea. Anayesimama ni msichana aliyevaa joho jeusi, Rita (Nargis), ambaye ndiyo kwanza ameingia kazini na amelelewa na jaji huyohuyo. Anampandisha mlezi wake kizimbani na kuanza kumhoji juu ya mke aliyemfukuza akiwa mjamzito. Picha nzima inatoka katika maswali yake. Stelingi anaimba, anaiba, anaota. Lakini kama Rita angekaa kimya, tusingekuwa na hadithi.

Jaji anashikilia kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi na mtoto wa mwungwana atakuwa mwungwana. Hoja hiyo, kwa watu waliolelewa kwenye kuulizana "huyu mtoto wa nani?", haikuhitaji kutafsiriwa. Ndiyo maana nadhani wazee wetu waliifuata hata wasiojua neno la Kihindi. Warusi nao waliishangilia ilipofika kwao 1954.

Kisha mtazame Nargis anavyocheza. Waigizaji wengi wa wakati ule walisema maneno kama wako jukwaani, macho kwa watazamaji. Yeye anazungumza kama mtu aliyeko nyumbani kwake. Anacheka katikati ya sentensi, anakatiza, anakasirika bila kupandisha sauti. Kuna pahala Raj anampiga makofi kwa kumwita mshenzi, na sikubaliani hata kidogo na jinsi picha inavyolifanya hilo kuwa mapenzi. Hata hivyo uso wa Nargis pale unasema mambo ambayo mwandishi wa hadithi hakuyaandika.

Udaku mdogo: jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj, na Raj akiwa mtoto ni mdogo wake, Shashi. Ukoo mzima ulikuwa kazini siku hizo.

Salaam aleikum. Katika Mother India, huyo mwanawe ndiye aliyekuja kumuoa kweli? Astaghfirullah! (Mama wa Majengo, Mombasa)

Wa aleikum salaam, mama. Ndiye. Lakini usishtuke: Sunil Dutt, aliyecheza mwanawe, alizaliwa tarehe 6 Juni 1929, siku tano baada ya "mama" yake. Nargis alipoicheza Mother India (1957) hakuwa amefika miaka 30, na anaanza kama bibi harusi na kumalizia na mvi kichwani.

Kabla ya kuwa mwigizaji, Dutt alikuwa mtangazaji wa Radio Ceylon. Aliwahi kupangiwa kumhoji Nargis, akapigwa na bumbuwazi hadi mahojiano yakaahirishwa. Walikutana tena katika picha hii, iliyoongozwa na Mehboob Khan. Kulikuwa na tukio la kuchoma marundo ya nyasi kavu, na Radha, ambaye ni Nargis, anapita katikati ya moto akimtafuta mwanawe Birju. Upepo ukageuka, moto ukamzunguka. Dutt aliingia kumtoa, wote wakaungua, na Nargis akamuuguza. Walioana Machi 1958, kimyakimya, kwa kuwa watazamaji wengi walikuwa na mawazo kama yako.

Ila kisa cha moto kimeimeza kazi yenyewe, na hilo linanikera. Watu wanasimulia alivyookolewa kuliko alivyoigiza. Mkwe wa Radha alikopa rupia 500 kwa ajili ya harusi na kuweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Robo tatu ya mavuno ikawa inaenda kwa mkopeshaji kila mwaka kama riba. Mume anapoteza mikono yote miwili chini ya jiwe kubwa, kisha anatoweka. Radha anabaki na watoto, anajifunga jembe la ng'ombe mabegani na kulivuta mwenyewe. Nargis haombi huruma pale. Uso una tope, shingo imekaza, na jembe linaonekana lina uzito wa kweli. Mwishoni anampiga risasi Birju, mtoto anayempenda kuliko wote, kwa kuwa amemteka binti wa mkopeshaji, na heshima ya mwanamke yeyote wa kijiji kwake ni kama ya binti yake.

Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya India kuteuliwa kugombea Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Tuzo ilikwenda kwa Fellini wa Italia, lakini Nargis alipata ya mwigizaji bora wa kike huko Karlovy Vary, Chekoslovakia, mwaka 1958.

Nyimbo aliimba mwenyewe?

Hapana. Sauti nyingi unazozisikia ni za mwimbaji Lata Mangeshkar. Nargis anafumbua mdomo tu, na anafumbua vizuri. Wa Mombasa mnajua nyimbo za picha hizi zilivyozaa tena: mwimbaji wa taarab Juma Bhalo alichukua mahadhi ya Kihindi akayatilia maneno yake ya Kiswahili, na watoto wengi wakayajua kwake kabla ya kuyasikia kwa wenyewe.

Alipoolewa na Mhindu alibadili dini? Na kwa nini aliacha kuigiza?

Alijulikana kama Nargis Dutt, na nyumba yao ilikuwa ya dini mbili. Alipofariki Bombay tarehe 3 Mei 1981 kwa saratani ya kongosho, alizikwa makaburi ya Waislamu, Bada Qabrastan, alikolala mama yake. Picha ya kwanza ya mwanawe Sanjay, Rocky, ilizinduliwa siku chache tu baada ya hapo.

Kuigiza aliacha kwa ajili ya familia, kama walivyofanya wengi wa rika lake baada ya ndoa. Alirudi mara moja kumalizia Raat Aur Din (1967), ya mwanamke mwenye nafsi mbili, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, akapata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike. Ninasikitika kwamba hakuendelea.

Nimesikia aligombana na Satyajit Ray bungeni.

Ray hakuwamo bungeni. Nargis aliteuliwa kuwa mbunge wa Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India, mwaka 1980, akamlaumu mwongozaji huyo wa filamu kwa kuwauzia wageni umaskini wa India. Mwandishi alipombana aseme ni nini basi kionyeshwe, alitaja mabwawa, yaani India ya kisasa. Nampenda sana Nargis, lakini hapa aliteleza: mtu aliyepata sifa ya dunia akiwa ametopea shambani, ananyang'anywa mavuno na mkopeshaji, hakuwa wa kulalamikia umaskini kuonyeshwa.

Nianze na ipi? Sijawahi kuona hata moja.

Anza na Andaz (1949), yuko kati ya Dilip Kumar na Raj Kapoor, kisha Awara. Mother India iache mpaka siku ambayo huna kazi, maana ina urefu wa karibu saa tatu. Na tafuta nakala yenye rangi nzuri. Zipo zilizofifia mpaka tope na sari havitofautiani.