Laiki 900, oda 2: maswali yenu ya biashara za mtandaoni

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka huku huku kwetu, Mbeya, Rungwe, Iringa mpaka Tunduma, na karibu zote zinazungumzia kitu kimoja: simu ipo, bando lipo, watu wanaangalia, lakini hela haionekani. Nimechagua nne, zingine nawajibu kwenye simu taratibu, msinichoke.

Ugonile dada. Nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa. Mwanangu alinifungulia Instagram na TikTok, nina folowazi elfu sita na kidogo. Video moja ya mchele ukimwagwa kwenye gunia ilipata laiki 900 lakini oda zilikuja 2 tu, na mmoja aliuliza bei akapotea. Kuna kijana anataka nimpe laki na nusu aniongezee folowazi elfu kumi, mwingine anasema nimlipe staa wa Dar anitangaze. Nishike lipi? (Mama Mchele, Mwanjelwa)

Shikamoo mama, ndaga fijo kwa kuandika. Hiyo laki na nusu usiitoe, nakuomba kabisa. Folowazi wa kununua ni akaunti zisizo na mtu nyuma yake, hazina sufuria, hazili wali. Na ubaya hauishii hapo. Hii mitandao inaangalia wale wachache wa kwanza walioiona posti yako wamefanya nini, wametazama mpaka mwisho, wamekomenti, wamemtumia mwenzao, ndo inaisogeza kwa wengine. Sasa ukijaza akaunti elfu kumi hewa, posti inapita kwao kimya na inafia hapo hapo, yani unakuwa umelipa ili usionekane.

Nimeingia kwenye ukurasa wako nikaangalia posti moja moja. Hata moja haina bei, zote umeandika "bei njoo inboksi". Mama, mtu yuko kwenye daladala ya Mbagala amesimama, mkono mmoja kashika bomba, mwingine kashika simu, hawezi kuja inboksi akusubiri mpaka umalize kuwapimia watu wa hapo dukani, anapitisha kidole anaenda kwa mwenye bei. Andika kilo shilingi ngapi, mfuko wa kilo 25 shilingi ngapi, na kuutuma kwa basi mpaka Dar inakuwa shilingi ngapi na nani analipa. Bei ikipanda asubuhi, badilisha asubuhi hiyo hiyo. Wengi mnaogopa jirani ataiona bei yenu, lakini jirani anaijua tayari, asiyeijua ni mteja.

Halafu ile video. Mchele ukimwagika unapendeza kuangalia, ndo maana watu 900 wakalaiki. Ila anayenunua mchele kwa mtu asiyemjua, kilomita mia nane na kitu kutoka alipo, anaogopa mambo matatu: umechanganywa, una mawe, na kilo hazitimii. Hizo hofu ndo za kupigia video. Simama mlangoni penye mwanga, weka mchele kiganjani, sogeza kamera mpaka punje zihesabike na chenga kama zipo zionekane. Weka mfuko juu ya mzani kamera isome namba. Pika sufuria moja hapo hapo nyuma ya duka, funua mfuniko mvuke utoke. Na kama mzigo wa leo ni wa Mbarali sema ni wa Mbarali, ni mchele mzuri na una watu wake, usiuite Kyela. Dar kumejaa watu wa huku na waliooa huku, ile harufu wanaijua, akikukamata mara moja hatakulalamikia, atalalamika kwenye grupu la ukoo lenye watu themanini.

Staa sio mbaya kwa kila mtu, ila wanaomfuata wanafuata mambo yake, wengine hata jiko hawana. Kama hela ya kutangaza ipo kweli, humo humo Instagram na Facebook kuna tangazo la kulipia, unachagua lionekane mji gani, kwa watu wa umri gani, kwa siku ngapi. Anza na hela ndogo kwa siku 3, afu kaa chini uhesabu kilo zilizotoka kwa sababu ya lile tangazo. Sio laiki, kilo.

Lakini mama, mimi naona hela yako kubwa imelala WhatsApp. Ile WhatsApp Business ipo tangu 2018, ni ya bure, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake, mtu akikuandikia usiku inamjibu yenyewe. Kitu ambacho wauzaji wengi hawakijui ni kwamba stetasi inakaa saa 24 tu, na hata ukiweka stetasi kumi, mtu ambaye hajasevu namba yako haioni. Meseji ya kutuma kwa wengi kwa pamoja nayo ni hivyo hivyo, inafika kwa waliokusevu tu na orodha moja inaishia watu 256. Kwa hiyo kila anayenunua hapo dukani, hata kilo 2, mwambie "nisevu mwanangu, andika Mama Mchele", na usimwachie chenji mpaka umeona kaandika. Watu wanakula wali kila wiki. Ukiwa na watu mia mbili waliokusevu kwa sababu walishaonja mchele wako, mwisho wa mwezi weka picha moja ya mzani na bei, utaona simu inavyoita.

Dada habari. Tuna grupu la WhatsApp la wakulima wa ndizi na parachichi, tuko zaidi ya 300. Kila asubuhi kuna voisi inaingia, soko la Dar limekufa, magari yamerudi na mzigo, afu mchana madalali wanafika shambani na bei ya kutupa. Lile sakata la mpaka la 2025 tulikatisha mikungu kwa hofu tukauza kwa hasara. Grupu tuliamini au tulifunge? (Kijana wa Ndizi, Tukuyu)

Msilifunge mdogo wangu. Ila hili limeniuma kwa sababu nilikuwa Kyela siku zile na niliona watu wakisikiliza simu moja kwa kuzungukana, spika juu, kila voisi inatisha kuliko iliyopita.

Tukumbushane ilivyokuwa. Malawi Machi 2025 walizuia baadhi ya mazao kutoka nje, ndizi zetu zikiwemo. Aprili serikali yetu nayo ikajibu, ikazuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, maana Afrika Kusini nako ndizi za Tanzania zilikuwa zimezuiwa kwa miaka. Zuio letu lenyewe likaondolewa baada ya siku chache tu. Kwa hiyo tatizo la Kasumulu, pale mpakani na Malawi, lilikuwepo kweli, malori yalisimama kweli. Uongo ulikuwa kwenye yale yaliyopachikwa juu yake, kwamba na Dar hawapokei, kwamba msimu umekwisha. Dar walikuwa wanakula ndizi kama kawaida!

Zamani dalali alikuwa na nguvu kwa sababu yeye peke yake ndo ametoka sokoni, wewe uko shambani hujui kitu. Simu ilikuja kuvunja hiyo nguvu, na imevunja kweli kwa wanaoitumia kuuliza. Wanaokaa kusubiri kuambiwa wamerudi pale pale, dalali ni yule yule, sasa hivi anaongea kwa voisi. Voisi haina jina la soko, haina tarehe, inaweza kuwa ya mwaka juzi. Ukiona meseji ina ile mishale miwili ya kuonyesha imesambazwa mara nyingi, ujue imeshapita mikononi mwa watu wengi na aliyekutumia naye hajui ilikoanzia.

Fanyeni hivi. Chagueni watatu kati yenu, kila mmoja awe na mnunuzi wake anayempigia: mmoja Dar, Mabibo kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, mmoja sokoni Mbeya mjini, mmoja Tunduma. Wapige asubuhi kabla hamjakata, waandike kwenye grupu kwa maandishi, soko gani, tarehe, bei na KIPIMO. Hilo la kipimo nalisisitiza kwa herufi kubwa maana nimeona magrupu watu wanagombana bei kumbe mmoja anasema mkungu mkubwa wa kubebwa begani na mwenzake anasema kamkungu ka mkono mmoja. Parachichi semeni kwa kilo. Na ndugu zetu wa viazi wa Njombe wanaosoma hapa, gunia ni lisilozidi kilo 100, ndo sheria ya vipimo, bei ya lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, msiiweke kwenye grupu kama bei ya gunia, mnawaumiza wenzenu.

Anayeleta bei isiyo na soko wala kipimo, admini afute. Mara ya tatu mtoeni.

Kamwene. Nauza viatu vya mtumba Iringa mjini na natangaza Facebook. Wiki iliyopita mteja alinionyesha skrinshoti ya muamala, meseji nayo ikaingia kwenye simu yangu, nikamkabidhi pea 4 dereva wa bodaboda. Kuja kuangalia salio, hakuna kitu. Nimepoteza elfu tisini. (Muuza Raba, Iringa)

Kamwene kaka, pole sana, elfu tisini kwenye mtumba ni faida ya siku nyingi.

Skrinshoti sio hela. Na meseji nayo sio hela, mtu yeyote anaweza kuandika maneno yanayofanana na ya mtandao wa simu akakutumia kwa namba yake ya kawaida. Hela ni salio, na salio unaliangalia mwenyewe kwenye menyu ya simu yako huku mteja anasubiri, akiona aibu au akikuharakisha hapo ndo uzidi kusubiri. Hivyo hivyo kwa yule anayepiga "nimekosea kutuma nirudishie", usimtumie wewe, mwambie apige mtandao wake warekebishe wao. Namba ya huyo aliyekutapeli iripoti, itume kwenda 15040, ni bure, kisha nenda polisi na meseji zako usizifute, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya watu kama hao.

Dada, biashara yangu yote ya vitenge iko Instagram, duka nimeshafunga kukwepa kodi ya fremu. Mume wangu anasema nimeweka mayai yote kwenye simu. Ana haki? (Mama Vitenge, Tunduma)

Kwenye hili namuunga mkono shemeji. Fremu sio lazima urudi, ila tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vyote vilizima kwa pamoja karibu saa sita, kwa sababu vyote ni vya kampuni moja. Aliyekuwa na mzigo njiani siku hiyo na namba ya mteja iko humo tu, anakumbuka.

Mimi yangu haikuzima, iliibiwa. Nilikuwa nauza maharage ya njano WhatsApp, akanipigia mtu anajiita wa huduma kwa wateja, sauti ya upole kabisa, nimsomee zile namba sita zilizoingia kwenye meseji. Nikamsomea. Jioni ile ile wateja wangu watatu walikuwa wameshamtumia hela wakijua ni mimi, na mmoja ni mama mjane wa Uyole ambaye nilimlipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Leo leo ingia kwenye mipangilio uweke uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba sita usimsomee mtu, hata akilijua jina lako la ubatizo.

Afu nunua kaunta buku. Andika jina la mteja, namba ya simu ya kawaida, kitenge alichochukua mara ya mwisho na rangi anazopenda. Mimi langu liko la tatu sasa, nalifungia kabatini pamoja na vyeti vya watoto.