Muulize Fundi: Bunduki ya babu imeshika kutu

SWALI: Shikamoo, Fundi. Nimerithi bunduki ya jeshi ya marehemu babu, Lee-Enfield. Shingoni, pale kitako kinapoungana na chuma, imegongwa alama ya III* na mwaka 1917. Leseni imeshahamishiwa kwangu. Chuma kina kutu nyekundu na mbao zimekuwa nyeusi tititi. Jirani ananishauri nipige msasa wote kisha vanishi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani yako mwambie hiyo vanishi akapake viti vyake. Bunduki hii ilitoka kiwandani ikiwa imelishwa mafuta ya kitani tu, na ule weusi ni mafuta hayo yaliyochanganyika na jasho na vumbi la miaka zaidi ya mia. Mihuri ya wakaguzi iliyogongwa kitakoni imezama kidogo sana. Msasa ukipita mara mbili, imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwanza kabisa toa kasha la risasi, vuta nje bolti, kile chuma chenye mkono kinachosukuma risasi ndani, halafu chungulia chemba, tundu risasi inapokaa, kwa jicho na upapase kwa kidole. Tazama namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti. Ikilingana na iliyogongwa mbele, pale mtutu unapoingia kwenye bodi, shukuru Mungu na usiitenganishe bolti hiyo na bunduki yake.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapoziharibu bunduki hizi. Ndani ya kitako kuna skrubu ndefu inayokishika. Usiiguse kabla hujatoa mbao ya mbele! Ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba, nayo imejichomeka kwenye kibati kilicho nyuma ya mbao ya mbele. Ukizungusha skrubu wakati mbao bado imefungwa, utasikia "kwa!" na mbao imepasuka. Anza mdomoni, shuka na vikuku vinavyoishika mbao kwenye mtutu, toa kasha na kilinda kifyatulio, kisha ivute mbao ya mbele chini, sawasawa, bila kuipindisha. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu. Bisibisi nyembamba itautafuna.

Kutu ya juujuu iloweshe mafuta mepesi usiku kucha, kisha isugue taratibu kwa pamba ya chuma namba 0000 iliyolowa mafuta. Panapogoma, kwangua kwa kipande cha shaba: shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, haitaacha mikwaruzo. Vile vipande vidogo vyenye kutu nyekundu vioshe mafuta yote kwa spiriti, kisha vichemshe kama nusu saa katika maji safi yasiyo na chumvi. Ya mvua yanafaa. Kutu nyekundu itageuka nyeusi. Hiyo nyeusi ni oksidi imara inayokaa vizuri kwenye chuma, kwa hiyo futa unga uliolegea tu, kausha, paka mafuta. Dawa za kuondoa kutu zenye asidi ziache, zinakula rangi ya zamani pamoja na kutu.

Mbao ifute kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, ubadilishe kitambaa kila kinapochafuka. Palipobonyea weka kitambaa kibichi, gusisha pasi ya moto, mvuke utanyanyua nyuzi za mti. Lakini kaa mbali na mihuri. Mwisho, mafuta ya kitani matone machache, sugua kwa kiganja mpaka pashike joto, futa yaliyobaki juu, subiri yakauke, rudia. Ukipaka mengi kwa pupa, yatanata na kushika vumbi.

Vitambaa vya mafuta ya kitani usivifinyange na kuvitupa kwenye ndoo. Vinajipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae.

Hukuniuliza kuhusu kuipiga risasi. Kabla ya hilo, fundi wa silaha mwenye kibali aipime chemba na mtutu. Na ukiihifadhi, usiiache ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na kutu itarudi upande ule ule inapolalia.