Ulizeni Anti: Fundi wa Kondele anataka kuacha pombe

SWALI: Hujambo Anti. Mimi ni fundi wa magari hapa Kondele, Kisumu, niko na miaka 38. Pombe imenishinda. Ilianza na bia za wikendi na mabeste lakini saa hii nisipotoa loku asubuhi mikono inatetemeka hadi spana inaniponyoka, kastoma anaangalia tu. Mke wangu ameniambia nitafute vile vikundi vya watu wa kuacha pombe. Viko wapi, ni pesa ngapi, na je nikiingia nipate kastoma wangu ameketi hapo? Tena mimi si mtu wa kanisa sana.
Fundi, Kondele

JIBU: Ndugu yangu fundi, kabla ya mitingi wacha nianze na hiyo mikono. Mtu akifika mahali anatetemeka mpaka apige moja ndio atulie, mwili ushazoea, na akikata ghafla bila daktari anaweza kushikwa na kifafa, au siku ya pili ya tatu hivi anaanza kuona vitu haviko na kuongea ovyo, na hiyo kitu inaua. Kwa hivyo usijifungie nyumba eti unaacha leo kiume. Enda hospitali, hata ni pale Jaramogi, ile watu bado wanaita Russia, na umwambie daktari ukweli wa vile unakunywa, usipunguze hata glasi moja ju dawa ya kutuliza mwili anapima kulingana na hiyo.

Sasa mitingi. Piga 1192, ni laini ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na mihadarati, na ni ya bure, uulize kikundi cha AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe) kilicho karibu na wewe, siku gani, saa ngapi. Washauri wa hospitalini pia huwa wanajua. Vikundi vingi hukodi chumba cha kanisa kwa hivyo hata sekretari wa parokia anaweza kujua, na si lazima useme unamuulizia nani. Ukishapata namba ya mtu wa kikundi mpigie siku hiyo hiyo unaenda, vikundi vidogo huhama na kubadilisha saa, usije ukapata mlango umefungwa ukaona ni ishara ya kurudi kwa mama pima.

Pesa hakuna, hakuna kadi ya uanachama wala ada. Kuna kapu linapitishwa la kodi na chai, na mgeni hata akiweka mikono mfukoni hakuna atakayemkodolea macho. Kitu kimoja tu ndio wanataka kwako, uwe unataka kuacha. Usingoje eti ukae wiki bila kunywa kwanza ndio uende ukiwa msafi, hapana, enda vile ulivyo. Ikiwa siku hiyo umeonja, keti nyuma usikize.

Na ndani ni nini? Viti, chai, mtu anasema jina lake moja tu, anasema yeye ni mlevi, anaongea dakika chache vile alikunywa na vile anakaa sasa bila, hakuna wa kumkatiza wala kumpa mawaidha, anaketi, mwingine anaanza. Ikifika kwako sema “leo nasikiza tu” na inapita. Huyo kastoma ukimpata huko, jiulize yeye amefuata nini! Kuna mitingi ya wazi ambayo hata mke wako anaweza kuingia, na kuna iliyofungwa, ya wenye shida peke yao. Kwa hofu yako uliza iliyofungwa.

Kuhusu kanisa sitakudanganya, sala fupi utaisikia na kati ya zile hatua 12 za kuacha pombe ambazo AA hufuata Mungu ametajwa, lakini wanasema Mungu vile kila mtu anavyomwelewa, hakuna wa kukuuliza unasali wapi.

Na hiyo aibu ya mikono, sikiza hii. AA ilianza 1935 kule Akron, Ohio, Marekani, na watu wawili, Bill Wilson wa mambo ya hisa na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Asubuhi ya mwisho ya Bob kunywa, Bill alimpa bia ndio mikono itulie aende kupasua mgonjwa. Daktari mzima. Siku hiyo, tarehe 10 Juni, AA inaihesabu kama siku yake ya kuzaliwa.

Usitoke huko bila namba za watu wawili watatu, na uzipige kabla ya glasi ya kwanza, si baada. Chagua mitingi ya saa zile huwa unafunga gereji. Kama Kisumu siku hiyo hakuna, kuna za Zoom kila siku, bandozi kidogo tu, kamera unazima.

SWALI: Anti, mzee wangu hakosi busaa na hataki kusikia habari ya mitingi. Naweza kwenda badala yake?
Mama Watoto, Kakamega

JIBU: Badala yake hapana dadangu, lakini kwa ajili yako, ndio. Al-Anon iko tangu 1951, ni ya familia za walevi, na yeye hahitajiki kuacha wala kujua umeenda. Kama huko kwenu hakuna, nayo pia iko Zoom. Na wacha kumlipia madeni ya busaa.